Nani Anasema Andiko Hili ni Jema?

Zamani mtu aliyeandika barua kwa gazeti alihukumiwa na mtu mmoja tu, mwenye gazeti. Huyu alisoma, akakata, akasahihisha, ao akatupa kapuni. Wasomaji hawakujua ni barua ngapi zilizotupwa, wala sababu yake. Siku hizi mambo yamegeuka. Kila mwenye telefone anaandika, na kila mwenye telefone anahukumu. Andiko linatoka asubuhi Bukavu, na kabla ya saa sita watu wa Lubumbashi, Brussels na Montréal wamekwisha kulitia alama: kidole gumba juu, kidole gumba chini, moyo mwekundu, uso wa hasira. Mashini inahesabu alama hizo na kuandika hesabu chini ya andiko. Wengi wetu tunatazama hesabu kwanza, ndipo tunasoma maneno. Wengine maneno hawayasomi kabisa.

Basi tunataka kuuliza: hesabu ile inapima nini? Inapima wema wa andiko, ao kitu kingine?

Labda msomaji mmoja atasema kwamba hayo ni michezo ya vijana, na watu wazima wana kazi. Lakini tukumbuke. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa uliingia Ituri vilevile, ukadumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200. Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na mtu mmoja katika kila wanne alijibu kwamba Ebola si ugonjwa wa kweli. Mwezi wa Februari 2019 nyumba za kutunzia wagonjwa huko Katwa na Butembo zilishambuliwa, zikachomwa moto. Hatusemi kwamba telefone ndiyo iliyowasha moto ule. Palikuwa na vita, na uchungu wa siku nyingi. Lakini habari za uongo zilitembea sokoni na katika telefone pamoja, na mtu aliyezipokea kwa ndugu yake aliona kwamba watu wengi wamekwisha zipitisha. Alijiuliza: watu wengi namna hii wanaweza kudanganyika wote? Ndiyo, wanaweza. Kwa hiyo namna ya kuhukumu maandiko ni shauri la watu wazima.

Tuseme wazi maoni yetu, kusudi msomaji ajue tunakokwenda. Hukumu isiyo na sababu haifundishi mtu, na mwamuzi asiyelipa kitu akikosa ni vigumu kumwamini. Makundi ya intaneti yamejaribu njia nyingi tangu miaka zaidi ya 25. Tumezitazama baadhi yake, na tumeona kwamba zile zinazodai sababu ni bora kuliko zile zinazohesabu vidole tu, hata kama ni za taabu zaidi.

Njia ya kwanza tunayotaka kuisifu ni ya Slashdot, baraza la watu wapendao mashini na elimu, lililoanzishwa Marekani mwaka 1997 na kijana Rob Malda. Mwanzoni yeye na rafiki zake walisoma majibu yote wenyewe na kuondoa mabaya. Watu walipokuwa wengi walishindwa. Ndipo walipobuni desturi ambayo mpaka leo tunaiona ni ya akili. Mashini inachagua waamuzi kati ya wasomaji wenyewe, wale wanaokuja mara kwa mara na wenye sifa nzuri. Mwamuzi anapewa alama 5, na siku 3 za kuzitumia. Siku zikipita, alama zinapotea. Anaweza kulipandisha jibu ao kulishusha kwa alama moja. Jibu haliwezi kupita 5 juu wala kushuka chini ya -1. Na mtu aliyesema katika mabishano hawezi kuwa mwamuzi wa mabishano yale yale. Mnaona akili yake? Hata katika baraza zetu za kijiji, mwenye kesi haketi penye kiti cha mwamuzi.

Tena kuna jambo linalotupendeza zaidi. Mwamuzi wa Slashdot hapandishi jibu kwa kimya. Inampasa kuchagua neno: jibu hili lina akili, linafundisha, linachekesha, ao liko nje ya shauri, linachokoza, linarudia yaliyokwisha semwa. Neno moja tu, lakini neno moja linapita kidole. Mwandishi anajua amesifiwa juu ya nini na amelaumiwa juu ya nini. Na walitia kicho kidogo: jibu lililosifiwa kwa kuchekesha linapanda mbele ya macho ya wasomaji, lakini mwandishi wake haongezewi sifa. Maana waliona kwamba watu wote wanapenda kucheka, na kama kicheko kingelipwa sawa na elimu, baada ya mwezi mmoja baraza lote lingekuwa la wachekeshaji. (Tunawajua wasemaji wa mikutano ambao wangeshindwa vibaya katika sheria hiyo.)

Mwaka 1999 waliongeza tena: waamuzi nao wahukumiwe. Wasomaji wengine walionyeshwa hukumu zilizokwisha tolewa, wakaulizwa kama ni za haki ao si za haki. Mwamuzi aliyeonea watu hakuchaguliwa upesi tena.

Je, kazi ile ilifaa? Mwaka 2004 watu wawili wa chuo kikuu cha Michigan, Cliff Lampe na Paul Resnick, waliandika juu yake. Walikuta kwamba kwa jumla watu waliona hukumu ni za haki. Lakini walikuta makosa vilevile. Hukumu zilizoonekana si za haki, karibu nusu yake tu zilisahihishwa na mwamuzi mwingine. Nusu nyingine ilibaki hivyo. Na jibu lililochelewa kuandikwa, ao lililoanza na alama ndogo, mara nyingi halikutazamwa na mwamuzi ye yote. Hilo si dogo. Mtu mwenye hekima mara nyingi ndiye anayefikiri kwanza, na anayefikiri kwanza huchelewa. Baraza likimhukumu kwa saa aliyofika, limempoteza.

Sasa tutazame njia ya vidole. Mwaka 2005 vijana wawili waliotoka katika chuo kikuu cha Virginia, Steve Huffman na Alexis Ohanian, walianzisha Reddit. Hapo kila andiko na kila jibu lina mishale miwili, mmoja wa kupandisha na mmoja wa kushusha. Kila mtu aliyejiandikisha anaweza kupiga. Haulizwi sababu, halipi kitu, haonekani jina lake. Njia hii ni nyepesi sana, na kwa sababu ni nyepesi ilienea dunia nzima. Kidole gumba cha Facebook, kilichotoka mwaka 2009, ni ndugu yake.

Watu wa Reddit wenyewe waliona ubaya wa hesabu tupu. Jibu la kwanza lilipata mishale mingi kwa kuwa lilionekana kwanza. Na kwa kuwa lilikuwa na mishale mingi, liliwekwa juu. Na kwa kuwa liko juu, lilipata mingine tena. Mwaka 2009 walibadili hesabu, wakatumia kanuni ya Edwin Wilson ya mwaka 1927. Tuieleze kwa mfano wetu wenyewe. Jibu moja limesifiwa na mtu mmoja, halina lawama. Jibu la pili limesifiwa na watu 40, limelaumiwa na 2. Ukitazama sehemu tu, la kwanza limeshinda, maana limesifiwa na wote! Wilson anauliza namna nyingine: kwa ushahidi huu mdogo ao mkubwa, ni sifa kiasi gani tunachoweza kukitumaini bila kudanganyika? Basi jibu la pili linapita, maana mtu mmoja si ushahidi. Kanuni ni nzuri, na ilimsaidia aliyechelewa apate nafasi. Hata hivyo kanuni inahesabu vizuri yale yaliyotupwa chunguni. Haiwezi kujua kama yaliyotupwa ni mchele ao mchanga.

Na mara nyingi ni mchanga. Tunalo jaribio moja ambalo kila mwenye kuandika angepaswa kulijua. Lilichapwa mwaka 2013 katika gazeti la elimu Science, na waliolifanya ni Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor. Katika baraza moja la habari la intaneti walichukua majibu 101,281 katika muda wa miezi mitano. Baadhi yake, yaliyochaguliwa kwa bahati bila kusomwa, yalipewa sifa moja ya uongo mara tu yalipotoka. Mengine yalipewa lawama moja ya uongo. Yaliyobaki yaliachwa hivi hivi. Kidole kimoja tu, sikilizeni vizuri, tena kidole kisicho cha mtu. Basi msomaji wa kwanza aliyekuja nyuma ya sifa ile alikuwa tayari kusifu kwa asilimia 32 zaidi, na mwisho wa yote majibu yale yalikuwa na alama zilizopita za mengine kwa asilimia 25. Majibu yale hayakuwa bora. Mtu mmoja, asiyekuwapo, alitangulia kupiga makofi.

Lawama ya uongo haikufanya hivyo. Wengine waliifuata, lakini wengine waliona jibu limeonewa wakalipandisha, na mwisho hesabu ilirudi mahali pake. Hapo tunaona jambo la kibinadamu: tukiona mtu analaumiwa bure tunaamka kumtetea, lakini tukiona mtu anasifiwa bure tunaitikia tu pamoja na wengine. Watafiti walikuta tena kwamba kufuatana huko kulikuwa na nguvu hasa katika mashauri ya siasa, desturi za watu, na biashara. Yaani pale pale ambapo uongo unaleta hasara kubwa.

Ukiweka mali ndani ya hesabu, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Mwaka 2021 magazeti ya Marekani yalitoa habari kwamba tangu mwaka 2017 mashini ya Facebook ilikuwa inauhesabu uso wa hasira, pamoja na zile nyuso nyingine, kwa uzito wa mara tano kuliko kidole gumba, ilipokuwa inachagua maandiko ya kuwaonyesha watu. Wenye kampuni waliupunguza uzito ule polepole, na mwaka 2020 hasira iliondolewa uzito wote. Lakini kwa muda ule, aliyewatia watu hasira alionyeshwa kwa wengi zaidi kuliko aliyewafundisha. Kipimo kile kilipima kama watu wameguswa, na hata mwiba unamgusa mtu.

Kuna baraza lililotafuta njia ya katikati. Stack Overflow, iliyoanza mwaka 2008 kwa watengenezaji wa programu, inahesabu vidole, lakini asiye na alama za sifa 15 hana ruhusa ya kusifu, na asiye na 125 hana ruhusa ya kulaumu. Na ukilaumu jibu la mwenzako, unapoteza alama moja ya kwako. Ni kidogo, kama mtu anayetoa franka moja mbele ya baraza kabla ya kushitaki. Hata hivyo inamfanya mtu afikiri. Sababu bado haimpasi kuitoa, na wageni wengi waliondoka wakilalamika kwamba walipigwa bila kuambiwa kosa. Tunawaelewa.

Tufike sasa kwa wale ambao desturi yao inafanana zaidi na baraza la wazee. Ni watu wa Wikipedia, ile kamusi kubwa ya elimu inayoandikwa na watu wote, iliyoanza tarehe 15 Januari 2001. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mtu akiona ukurasa haufai kubaki, anaandika sababu yake mbele ya wote. Wengine wanajibu kwa muda wa siku 7. Kila mmoja anasema ukurasa ubaki ao uondolewe, na nyuma ya neno lile anaweka sababu. Kisha mtu asiyeingia katika mabishano anasoma yote na kukata shauri. Sheria inamkataza kuhesabu vichwa tu. Inampasa kupima sababu. Watu kumi wakisema “ubaki, naupenda,” na watu watatu wakionyesha kwamba hakuna kitabu wala gazeti linaloshuhudia maneno yale, watatu wanaweza kushinda. Mwenye kuzoea vidole ataona hii ni dharau kwa wengi. Sisi tunaona ni heshima kwa akili za wote.

Kwa kurasa bora wana nyota. Ukurasa unaotaka nyota unasomwa na wengine sentensi kwa sentensi: ushahidi huu umetoka wapi, neno hili lina upendeleo, sehemu hii imesahauliwa. Mwandishi anajibu, anasahihisha, anajibu tena, labda kwa majuma mengi. Katika Wikipedia ya Kiingereza hata ukurasa mmoja katika elfu haujapata nyota hiyo. Na nyota inaweza kuondolewa. Kurasa nyingi zilizosifiwa miaka ya kwanza zilishushwa baadaye, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa haba.

Je, hawakosi? Wanakosa, na mfano unajulikana sana. Mwaka 2018 mtu alileta ukurasa juu ya Bibi Donna Strickland, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Waterloo, Kanada. Mwamuzi aliukataa, akaandika kwamba ushahidi ulioletwa hauonyeshi kwamba bibi huyu anastahili ukurasa. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule, Bibi Strickland alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu tangu tuzo ile kuanza! Dunia ilicheka, na ilikuwa haki yake kucheka.

Lakini tuangalie vizuri kilichofuata. Sababu ya kukataa ilikuwa imeandikwa, na tarehe yake. Kwa hiyo kila mtu aliweza kuisoma na kuipinga. Wengine walisema mwamuzi aliifuata sheria ila sheria ni mbaya. Wengine walisema magazeti yenyewe ndiyo yaliyowasahau wanawake wa elimu, na Wikipedia imefuata tu usahaulifu wao. Wengine walisema mwamuzi alisoma kwa haraka. Mabishano yale yalikuwa na faida, maana palikuwa na kitu cha kushika mkononi. Sasa fikirini, kama ukurasa ule ungalikataliwa kwa vidole 14 chini, tungalibishana na nani? Na kidole kipi?

Hatutaki kuipamba Wikipedia kupita kiasi. Njia yake inataka watu wengi wenye subira, na watu hao hawapatikani mahali pote. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina wasomaji wengi na waamuzi wachache sana, na kurasa nyingi zinakaa miaka bila mtu wa kuzichunguza. Hapo ni lawama juu yetu sisi tunaosema Kiswahili, Wakongomani pamoja na wengine.

Kuna njia moja mpya zaidi tunayoifuata kwa macho. Mwezi wa Januari 2021 Twitter, inayoitwa X tangu mwaka 2023, ilianza kuwaacha wasomaji waandike maelezo chini ya andiko lenye kupoteza watu. Maelezo yenyewe yanahukumiwa na wasomaji wengine. Lakini mashini haitazami wingi tu: inataka yakubaliwe na watu ambao kwa kawaida hawapatani katika hukumu zao. Watu elfu wa upande mmoja wakisifu, maelezo hayatoki. Hii tunaielewa upesi, sisi tuliozoea kuona kwamba shauri la shamba haliishi mpaka wazee wa pande zote mbili wamelikubali. Ubaya wake ni uleule wa wazee: wanakawia. Andiko la uongo linaweza kuzunguka dunia siku nzima kabla ya maelezo kutoka, na maelezo mengi hayatoki kamwe.

Tumebaki na WhatsApp, ambayo kwa wasomaji wetu ndiyo baraza kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Hapo hakuna nyota wala waamuzi wa kuchaguliwa. Neno likiwa limepita kutoka kwa mtu hata mtu mara tano ao zaidi, linapata mishale miwili midogo. Watu wengi wanaiona mishale ile kama sifa, wakati ilitiwa kama onyo: inasema tu kwamba aliyekuletea si aliyeandika, na kwamba mwenye kuandika yuko mbali. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, WhatsApp ilikataza neno la namna hiyo kupitishwa kwa zaidi ya mtu mmoja ao kundi moja kwa mara moja, na baadaye kampuni ilisema kwamba upitishaji wa maneno hayo ulipungua kwa asilimia 70. Kupunguza mwendo kulifaa, tunakubali. Lakini neno jema lilipunguzwa mwendo sawa na neno baya.

Tangu mwaka 2022 mkubwa wa kundi anaweza kufuta neno lililotumwa na mwingine. Makundi ya kwaya, ya wazazi wa shule, ya mtaa, yote yana mkubwa wao, na wengi wanafanya kazi ile kwa moyo mwema. Asubuhi tunaamka tunaona mahali pa neno pametiwa alama kwamba mkubwa amelifuta. Alilifuta kwa kuwa lilikuwa uongo? Kwa kuwa lilikuwa matusi? Kwa kuwa lilimsema rafiki yake? Mashini haina mahali pa kuandika sababu, na mkubwa mwenyewe mara nyingi haandiki, ingawa maneno mawili yangetosha. Wengine katika kundi wanaulizana pembeni lilisema nini. Aliyelituma hakujifunza neno lo lote ila kwamba hapa hapatakiwi. Saa nne analituma katika kundi lingine.